Mafuta ya Mgando

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza. Milimita 14 kwenye kipimo tulichotengeneza darasani kwa chupa iliyokatwa shingo. Nimewaagiza wanafunzi waandike mvua ya msimu mzima, na mimi nimeahidi kuandika yangu nyumbani, wasije wakasema mwalimu wa fizikia anatoa kazi asizozifanya. Namba nitazinakili ubaoni. Yatakayobaki chini ya namba ni yangu.

Juzi mdogo wangu alikuja kuweka pedi mpya za breki kwenye magurudumu ya mbele. Ni fundi magari, ana gereji ndogo nyuma ya kiwanda cha mbao. Ana miaka thelathini na minane na huu ni mwaka wa tatu hajaonja pombe. Nimeliandika hilo kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayemtaja bila kulitaja.

Alhamisi, 7 Machi
Milimita 3. Breki zinalia. Kila nikikanyaga zinatoa mluzi mwembamba, na leo mlinzi wa geti la shule amenipokea kwa jina jipya: Filimbi. Nimempigia mdogo wangu simu. Amesema, “Ni pedi mpya, Kaka, na maji ya mvua. Zipe wiki mbili zitanyamaza zenyewe.”

Wiki mbili za kuitwa Filimbi.

Jumamosi, 9 Machi
Milimita 9, zote alfajiri. Mke wangu na binti yetu walikwenda sokoni, nikabaki na gari uani.

Nimefundisha msuguano kwa miaka kumi na tisa. Nilijiambia kwamba kama kuna mtu ana haki ya kufungua breki, ni mimi. Nikapiga jeki, nikavua tairi la mbele la kushoto, nikafungua boliti mbili za nyuma. Lile koleo la chuma linalobana diski, mafundi huliita kalipa, limekaa juu ya pini mbili, kila moja na kiraba chake, na pini hizo lazima ziteleze ili koleo liachie baada ya kubana. Nikazichomoa. Zilikuwa na utando mwembamba wa grisi ya rangi ya maziwa. Machoni pangu ulikuwa kidogo mno. Nikaufuta wote kwa kitambaa.

Sikuwa na grisi. Nikaingia chumbani, nikachukua kopo la mafuta ya mgando la mke wangu, yale anayompaka mtoto akitoka kuoga, nikazipaka pini mpaka zikang'aa. Zilivyoteleza! Nikafanya na upande wa kulia. Walipofika kutoka sokoni nilikuwa nimeshanawa na kukaa.

Jumapili, 10 Machi
Mvua hakuna. Mluzi umekwisha. Mdogo wangu alipiga kuuliza. Nikamjibu, “Zimenyamaza zenyewe, kama ulivyosema.” Akacheka, akafurahi kwamba nimemsikiliza.

Jioni mke wangu amemgombeza binti yetu kwa kumaliza nusu kopo la mafuta, akidhani amempaka mwanasesere. Mtoto amekana huku analia. Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Niligeuza ukurasa.

Jumatano, 13 Machi
Milimita 22.

Ijumaa, 15 Machi
Milimita 17. Paa la maabara linavuja mahali palepale pa mwaka jana.

Jumanne, 19 Machi
Milimita 6. Gari zito kidogo, linavuta kushoto. Nimejaza tairi upepo.

Jumatatu, 25 Machi
Milimita 31. Nilipofika nyumbani nilisikia harufu ya kuungua, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Matone ya mvua yaliyoangukia rimu ya mbele kushoto yalikauka palepale. Za upande mwingine zilibaki na maji. Mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angeona tofauti hiyo akaniambia kuna kitu kinabana.

Nitaliangalia wikendi.

Jumamosi, 30 Machi
Milimita 12. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Sikuliangalia.

Jumanne, 2 Aprili
Sijasoma kipimo.

Leo mke wangu alikuwa anampeleka Mama hospitali kupima macho. Mimi nilikuwa darasani. Saa nne kasoro simu ikaita mfukoni, nikaikata. Ikaita tena. Nikatoka nje ya darasa na chaki mkononi. Sauti ya mke wangu ilikuwa tulivu, na hapo ndipo nilipoogopa, maana yeye akipandisha sauti huwa ni jambo dogo.

“Tumetumbukia mtaroni,” alisema. “Mama ameumia mkono. Njoo.”

Nilipofika, gari lilikuwa limeinamia mtaro chini ya kilima, pua chini, moshi mwembamba ukitoka gurudumu la mbele kushoto. Mke wangu amekaa ukingoni mwa barabara, amemfunika Mama kwa khanga yake mwenyewe. Amenieleza. Waliposhuka kilima gari lilianza kunuka. Akakanyaga breki, ikashika kidogo. Akakanyaga tena, pedali ikaenda mpaka chini, laini kama mkate uliolowa. Mbele kulikuwa na watu wanavuka. Akaliingiza mtaroni kwa hiari yake. Asingefanya hivyo, leo ningekuwa naandika mambo mengine, au nisingekuwa naandika.

Najua kilichotokea. Pedi zilibana diski njia nzima, zikapata moto, moto ukapanda mpaka kwenye mafuta ya breki, yakachemka. Yakichemka yanatoa mapovu, na mguu unabonyeza mapovu tu. Ningeweza kulichora ubaoni.

Mama amevunjika kifundo cha mkono wa kulia. Amefungwa plasta mpaka kiwiko. Atakaa kwetu mpaka apone. Ana miaka sabini na mmoja na njiani kutoka hospitali alikuwa ananiomba radhi mimi kwa kuwa usumbufu.

Jumatano, 3 Aprili
Milimita 20. Gari limevutwa mpaka uani.

Wakati wa chai mke wangu aliuliza, “Hivi shemeji aliweka lini zile breki?”

“Mwezi mmoja uliopita,” nikasema. Ni kweli. Kila neno nililosema leo ni kweli.

Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. “Siku ile macho yake yalikuwa mekundu. Sikutaka kusema.”

Mama alikuwa anaangalia plasta yake. “Mwenye kovu usidhani kapoa,” akasema polepole. “Mimi ndiye niliyemzaa, najua. Amerudia chupa.”

Macho ya mdogo wangu yalikuwa mekundu kwa vumbi la pedi za zamani. Nilikuwapo. Nilimshikia ndoo ya maji akaosha uso. Nilifungua mdomo kulisema hilo dogo tu, nikaona kwamba nikianza na hilo litafuatwa na mengine. Nikaomba sukari.

Jumapili, 7 Aprili
Milimita 2, manyunyu.

Mdogo wangu amekuja bila kuitwa. Amekuja na sanduku lake la spana, miguu imelowa tope. Alipiga hodi, akaenda moja kwa moja kwa Mama, akapiga goti mbele ya kiti chake.

“Shikamoo, Mama. Pole.”

Mama hakuitikia. Akasema, “Sogea hapa.”

Akasogea.

“Pumua.”

Mdogo wangu hakuelewa, au alielewa akatumaini hakuelewa. “Mama?”

“Nipumulie usoni. Nataka kunusa.”

Mke wangu alikuwa mlangoni. Binti yetu alikuwa mkekani na penseli za rangi. Mtu mzima wa miaka thelathini na minane aliinama mbele ya binti mdogo wa kaka yake, akafungua mdomo, akampumulia mama yake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Ningenyoosha mkono ningemgusa bega.

“Leo hunuki,” Mama akasema. “Siku ile je?”

Mdogo wangu alisimama, akasema, “Ngoja nikaliangalie gari,” akatoka.

Nilimfuata nje kwa sababu kubaki ndani kulikuwa kubaya zaidi. Alifanya kazi kama anavyofanya siku zote, bila haraka. Akapiga jeki upande wa kulia, akazungusha gurudumu kwa mkono: likazunguka, zito kidogo, lakini likazunguka. Akahamia kushoto. Halikusogea hata kwa mikono miwili.

“Kuna mambo matatu,” alisema, akiniambia mimi au akiliambia gurudumu. “Mpira unaoleta mafuta umeziba ndani, au pistoni inayosukuma pedi imekwama, au pini.”

Akafungua ile nati ndogo ya kutolea hewa. Mafuta ya breki yakatoka, meusi kama kahawa. Akazungusha gurudumu. Bado. “Ungekuwa mpira, lingelegea sasa.” Akavua tairi, akabana pistoni kwa kibano, ikarudi ndani polepole, kwa upole. “Pistoni nzima.” Zikabaki pini. Hazikutaka kutoka. Alizivuta, akazizungusha, mwisho akazigonga kwa nyundo, na zilipotoka zilitoka na viraba vimevimba, vimenenepa kama vidole vilivyokaa majini siku nzima.

Akaparuza kilichobaki kwenye pini kwa ukucha. Akakisugua baina ya vidole. Akakipeleka puani.

Nilikuwa naangalia nyumba ya jirani.

“Viraba vimevimba,” akasema.

“Kwa nini?”

Alichukua muda kufuta vidole vyake, kimoja kimoja. “Vimepata mafuta yasiyo yake.”

Alikuwa na viraba vipya vya upande mmoja sandukuni. Akasafisha pini, akazipaka ile grisi ya rangi ya maziwa, kidogo tu, kiasi kilekile nilichokiona kidogo. Akatoa hewa kwenye mafuta, akarudisha kila kitu. Gurudumu likazunguka. Akaanza kukusanya spana zake ahamie kulia, ndipo mke wangu akatokea mlangoni.

“Shemeji, ahsante, inatosha,” alisema kwa adabu. “Tutatafuta fundi mwingine aliangalie lote.”

Mdogo wangu alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri abiria aliyechelewa. Nilisema, “Utapata chai?” Hilo ndilo nililosema. Akafunga sanduku lake, akaenda.

Sijui kama anajua.

Jumatatu, 8 Aprili
Milimita 11. Anajua.

Alhamisi, 11 Aprili
Milimita 27. Au hajui. Grisi nyingi zinanukia.

Jumanne, 16 Aprili
Milimita 8. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Mwezi wa pili nilimwomba yeye mwenyewe ampe mdogo wangu matengenezo ya basi la shule, na alikuwa amekubali kwa mdomo. Alifunga mlango.

“Mwalimu, nimesikia maneno,” alisema. “Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni watoto tunaowabeba mle. Wewe ni kaka yake. Niambie tu, nimpe au nisimpe?”

Maneno aliyasikia wapi? Mke wangu alimwambia mwenye duka, mwenye duka ana watoto wawili kwenye basi lile. Hakudanganya, alisema alichokiamini, na alikiamini kwa sababu niliomba sukari.

Nilikuwa na nafasi. Mlango umefungwa, watu wawili, jambo la dakika moja. Nikaona jinsi ambavyo ningetoka pale: Filimbi, mwalimu wa msuguano, aliyepaka breki mafuta ya mtoto na kumvunja mama yake mkono.

“Mkuu,” nikasema, “kwa hali ilivyo, mimi siwezi kusema lolote.”

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyesikia siri nzito ya familia. Aliniona muungwana.

Jumamosi, 20 Aprili
Milimita 40, kubwa kuliko zote. Wanafunzi watafurahi.

Jumapili, 21 Aprili
Milimita 5. Mdogo wangu hakuja. Zamani hakukosa Jumapili. Mama ameweka sahani yake mezani kwa mazoea, akaiona, akairudisha kabatini kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi, 27 Aprili
Milimita 3. Basi la shule limepewa gereji nyingine. Nilipita nyuma ya kiwanda cha mbao kwa miguu, upande wa pili wa barabara. Uwanja wa gereji ulikuwa na gari moja. Mwezi wa pili yalikuwa hayahesabiki. Aliniona. Aliinua mkono. Nikainua wangu, nikapita.

Jumatano, 1 Mei
Mvua hakuna. Fundi mwingine hatukumtafuta, na sasa mke wangu anataka kuanza kutumia gari tena, kumpeleka mtoto shule. Nimemwambia bado. Ameuliza kwa nini, si upande mbovu umeshatengenezwa? Nimesema nina wasiwasi tu. Upande wa kulia nao niliupaka, na hakuna anayejua hilo duniani isipokuwa mimi. Hata kunyamaza sasa kunahitaji uongo mpya.

Jumamosi, 4 Mei
Milimita 1.

Nimekwenda gereji asubuhi. Mdogo wangu alikuwa chini ya gari, imebaki miguu nje, viatu vyake vya kazi, kimoja kimefungwa kwa waya. Nadhani ningemkuta amesimama ningezungumzia hali ya hewa.

Nikaviambia vile viatu. “Ni mimi niliyefungua zile pini. Siku ya tisa mwezi wa tatu. Nilifuta grisi yako, nikapaka mafuta ya mgando.”

Spana haikusimama. Iligonga mara mbili, tatu.

“Najua,” akasema kutoka chini.

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile uani. Yananukia waridi, Kaka. Binti yako akinikumbatia hunukia hivyohivyo.”

Nilikaa juu ya tairi kuukuu. “Mbona hukusema?”

Sasa spana ilisimama. Akajisukuma akatoka, akabaki amelala chali ananitazama, uso umepakaa mafuta machafu.

“Ningesema nini? Ningeingia ndani nimwambie Mama kwamba si mimi, ni Mwalimu? Dakika kumi baada ya kunusa mdomo wangu?” Hakupandisha sauti. “Kati ya mimi na wewe, nani angeaminiwa?”

Jibu tunalijua sote.

“Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe,” akasema. “Wiki ya kwanza nilikuwa na uhakika utasema. Nilimwambia hata mchumba wangu: subiri, Kaka atasema.”

“Nisamehe.”

“Kuniambia mimi hukuniambia kitu. Mimi nilikuwa najua.” Akashika bampa, akajisukuma tena chini. “Nenda ukawaambie wasiojua.”

Jumapili, 5 Mei
Mvua hakuna.

Niliwaambia baada ya chakula, mtoto akiwa anacheza nje. Nilidhani nitatoa maelezo. Nilikuwa nimeyapanga, kuanzia na mluzi. Yalitoka maneno machache tu, na sukari, na Mwalimu Mkuu, na upande wa kulia.

Mke wangu alikuwa wa kwanza. “Nilimgombeza mtoto,” alisema. “Kwa lile kopo. Ulikuwa umekaa pale.” Akanyoosha kidole kwenye kiti changu. Kisha akasema, “Na mimi nimemtangaza shemeji mtaa mzima. Umeniachia nimtangaze.” Akatoka kwenda kumwita mtoto, nikamwona dirishani amechuchumaa mbele yake, ameshika mikono yake miwili, anamwambia kitu.

Mama hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, “Mdogo wako alipoinama pale, wewe ulikuwa umesimama wapi?”

Nikamwonyesha.

“Karibu hivyo,” akasema.

Amenikataza kumsindikiza chumbani. Amempigia mdogo wangu simu mwenyewe, akahangaika na vitufe kwa mkono wa kushoto, akaenda kuzungumza naye chumbani na mlango umefungwa. Sikusikia maneno. Nilisikia analia, na sijawahi kumsikia mama yangu akilia tangu tumzike Baba.

Jumatatu, 6 Mei
Mvua hakuna. Mwalimu Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema gereji nyingine imeshatia saini ya mwaka mzima, hawezi kuvunja. Akasema atamweleza mwenye duka. Nilipofika mlangoni akasema, “Mwalimu, ile siku ya kwanza nilikuheshimu sana,” akaangalia makaratasi yake.

Alasiri nimekwenda dukani mwenyewe pia. Kulikuwa na foleni. Nimesema mbele ya foleni. Kuna mtu alicheka, na alikuwa na haki.

Jumamosi, 11 Mei
Mvua hakuna siku ya saba. Nimewaambia wanafunzi msimu umefungwa.

Mdogo wangu amekuja saa tatu. Alimwamkia Mama, Mama akamshika shavu kwa mkono mzima, wakakaa hivyo kidogo. Kisha akatoka uani na mfuko mdogo: viraba vya upande wa kulia na kijichupa cha grisi. Hakuleta sanduku la spana. Akavuta kigoda, akaketi, akaniwekea mfuko chini.

“Fanya wewe,” alisema. “Mimi nitaangalia.”

Nilifanya. Jirani alikuwa anaanika nguo, mke wangu alikuwa kizingitini, binti yetu alikuja kukaa miguuni kwa baba yake mdogo akauliza jina la kila kitu, na aliambiwa. Pini za kulia zilitoka kwa nyundo, viraba vimevimba kama vile vingine, na harufu ile ya waridi ikatoka mbele za watu wote. Mara mbili nilikosea. Mara mbili alisema, “Hapana, rudia.” Nilipochota grisi akasema, “Nusu ya hiyo.”

Gurudumu lilizunguka. Akanituma barabarani nikanyage breki mara kumi, nirudi nishike rimu zote nne kwa kiganja. Nilizishika moja moja mbele yake. Zilikuwa na uvuguvugu sawasawa.

“Haya,” akasema, akasimama, akakung'uta suruali. Nikamwambia aingie, nimpeleke gereji, ni mwendo mrefu na jua limeshakuwa kali. Nilikuwa nimeshamfungulia mlango wa mbele.

Alinawa mikono kwanza, akajifuta, akamuaga mtoto.

“Breki naziamini,” alisema, akaondoka kwa miguu.